Nilivyobisha Hodi Chini ya Mlima

Vijana wa Maretadu, na ninyi wa Masieda mnaopita mbele ya nyumba yangu na masululu mabegani mkielekea kwenye mashimo yenu ya mawe ya rangi, ninawaona. Mnasimama vizuri, mnanisalimia vizuri, halafu mkishakata kona ya mchongoma mnaanza kucheka. Mnadhani sisikii. Mimi nimefanya kazi ya kusikia maisha yangu yote. Nasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Huyo ndiye mzee aliyewahi kufa."

Si uongo sana. Lakini kila mtu ana namna yake ya kuisimulia, na wengi wanaongeza pembe na mkia. Nimeona niiandike mwenyewe. Mdomoni mimi ni mzito. Tangu nikiwa sekondari nilikuwa naona aibu hata kunyoosha kidole darasani nikiwa najua jibu, ila nikirudi bwenini naandika ukurasa mzima kuhusu jibu ambalo sikulisema. Kwa hiyo nivumilieni. Hapa nasema kila kitu, pamoja na yale ambayo mtu wa umri wangu angeyaficha.

Kazi yangu ilikuwa makaa ya mawe. Si huku. Huku hatuna, hata mkichimba mpaka upande wa pili wa dunia. Yalikuwa kusini, nchi ya migomba na mvua, mgodi ambao jina lake nitaliacha kwa sababu waliobaki bado wapo hai na wana haki ya kupumzika.

Nilifikaje? Vita. Nilipomaliza kidato cha nne nchi ilikuwa vitani, na sisi vijana wa Mbulu tulijiandikisha kwa makundi. Daktari wa jeshi akaniambia nivue viatu. Akaangalia nyayo zangu, akaita mwenzake naye aje kuangalia, wakacheka. Nyayo bapa kama chapati. Nikasimama pale nimeshika viatu mkononi, machozi yananilenga. Afisa mmoja akanionea huruma, akaniuliza kama naogopa giza. Nikasema hapana, kwa aibu tu. Akasema, "Basi wenzako wanakwenda mbele. Wewe utakwenda chini."

Msidhani ilikuwa kazi ya pembeni. Mafuta yote ya maana yalikuwa yanakwenda mpakani ndani ya malori ya jeshi, na viwanda vikabaki vinatweta. Saruji inataka moto, nguo zinataka moto, majani ya chai yanataka moto ili yakauke. Moto huo ukawa juu yetu. Nyapara wetu alikuwa anasimama mlangoni mwa mgodi kila zamu inapoingia, anapiga kelele, "Askari hawezi kupigana uchi! Shati lake linaanzia kwenye sululu yako!" Sisi tunaitikia, tunaingia. Nilikuwa najisikia fahari, nisiwadanganye. Ila nilipoingia mara ya kwanza, na mlango nyuma yangu ukawa mdogo kama sarafu, nilijikojolea kidogo. Bahati nzuri mle ndani kila mtu ana maji miguuni.

Wazee wetu, mnajua, wanamwomba Looa, na Looa ni jua. Chini ya ardhi na chini ya chemchemi ni kwao netlangw, pepo wasiotutakia mema. Mimi nilikuwa nimebatizwa, nimesoma fizikia. Lakini kila nilipogeuza kisogo kwa jua niliona kama nimemkosea mtu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Ambokile. Mtu mfupi wa kule kule kusini, mguu mmoja unachechemea, anaongea polepole kama anayemhubiria mtoto. Yeye alikuwa fundi wa miti, yaani yule anayesimamisha magogo ya mkaratusi kushikilia paa ili wachimbaji wasifunikwe. Siku ya kwanza akanipa nondo, akaniambia nigonge paa.

"Umesikia nini?"

"Nondo, mzee."

"Gonga tena. Hapa. Sasa pale."

Pale palilia tofauti. Pa kwanza palilia kama kengele ya kanisa, pa pili kama ngoma. Nikamwambia hivyo. Akanivuta kwa mkanda kwa nguvu, na kipande cha jiwe kikubwa kama mbuzi kikaanguka pale niliposimama.

"Panapolia kengele, fanya kazi," akasema. "Panapolia ngoma, usingoje ngoma iishe."

Hilo lichukueni kwenye mashimo yenu hata kama hamtachukua lingine lolote. Na hili nalo: msije mkashawishiwa kusimamisha nguzo za chuma peke yake. Baada ya vita walituletea za chuma, zinang'aa, tukaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Mzee Ambokile akaikata moja jicho akasema, "Bubu." Mti, kabla haujavunjika, husema. Unalia taratibu, ki, ki, kii, halafu unakupa nafasi ya kukimbia. Chuma kinanyamaza, kinanyamaza, halafu kinakuua.

Mimi hilo nililielewa haraka kuliko wenzangu na sababu ni nyumba za kwetu. Babu yangu alizaliwa na kufia katika nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo juu ya nguzo, ng'ombe wa jirani wakipita juu ya vichwa vyenu mnakula. Katika nyumba ile nguzo ikilia, hata kama watu wanagombana, wote wananyamaza. Mtu mmoja anaweka kiganja kwenye nguzo mpaka itulie, ndipo ugomvi unaendelea pale ulipoishia. Nilikua hivyo. Mgodini nikawa naweka kiganja kwenye mti bila kufundishwa. Ambokile akawa ananiita "Mmbulu wa chini" na akaacha kufanya kazi na mtu mwingine.

Panya pia. Wachimbaji walikuwa wanawamegea panya ugali, na mimi sikujua. Nikamrushia mmoja kiatu, nikampata vizuri kabisa, nikageuka nikitegemea sifa. Watu walinitazama kama nimepiga mtoto. Kibona, jamaa wa zamu yetu mwenye mdomo kuliko wote, akasema, "Huyo alikuwa anatupa taarifa kabla ya redio. Sasa utakimbia wewe mbele yetu?" Wiki nzima waliniita Panya. Panya akikimbia kuelekea mlangoni, vijana, msimuulize sababu.

Sasa nifike penyewe.

Unapochimba makaa huchukui yote. Unaacha nguzo nene za makaa yenyewe, kubwa kama chumba cha nyumba, zibebe mlima. Wakati wa vita, kwa ile haraka, upande mmoja wa mgodi walizichonga nguzo hizo zikawa nyembamba. Leo wanakata kidogo, kesho kidogo, kwa sababu mstari wa mbele unahitaji. Vita vilipokwisha upande ule ukafungwa kwa mbao na kuitwa Chumba cha Vita. Hakuna aliyekatazwa kuingia kwa sababu hakuna aliyetaka.

Ikaja miaka ile ya kufunga mkanda. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, viwanda vimesimama kwa kukosa vipuri. Halafu taratibu nchi ikaanza kuinuka, milango ya biashara ikafunguliwa, saruji ikatakiwa tena kila mahali, shule, madaraja, nyumba za watu. Na moto ulikuwa ule ule, juu yetu. Ila sasa wanunuzi wanachagua, mgodi unaambiwa ujitegemee ama ufungwe. Mkubwa mmoja mpya akafungua ramani, akaweka kidole kwenye Chumba cha Vita. Nguzo zile zilizobaki ni makaa tayari, akasema, hata kuchimba njia hakuna. Rudini mzichukue.

Ambokile akamjibu kwa heshima, "Mzee, hizo ndizo zinazotushika."

Tukarudi.

Nisingependa kuota tena tulichokiona siku ile tulipozibandua mbao. Vumbi la makaa lilikuwa limelala chini laini kama unga, na juu yake nyayo. Nyayo za zamu ya mwisho ya wakati wa vita, viatu vya kazi, zimekwenda ndani na kurudi, zinang'aa kwenye taa zetu kana kwamba wenyewe wametangulia tu kona ya mbele. Koti lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wa mti. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa chaki majina ya wenzake waliotoka mgodini kwenda mstari wa mbele, na baadhi alikuwa amewawekea msalaba. Na miti yote ile ya zamani, iliyooza na kuota ukungu mweupe kama ndevu, ilikuwa inalia. Si mmoja. Yote, polepole, ki, ki, kama wazee wanaoongea chini chini mgeni anapoingia.

Kibona akasema, "Wanatuuliza kama vita vimeisha."

"Nyamaza," Ambokile akamwambia.

Tulifanya kazi mle muda wa kutosha mtu kuzoea. Hilo ndilo baya, mtu huzoea. Siku yenyewe mimi na Ambokile tulikuwa mbele kabisa, tunasimamisha magogo mapya, wengine wako nyuma kwenye toroli. Nikaona taa yangu imeonyesha panya, kisha panya, kisha panya. Nikamshika mzee bega. Yeye alikuwa ameshaweka kiganja kwenye mti. Akasema neno moja kwa lugha ya kwao, akanisukuma kwa mikono miwili kama mtu anavyosukuma mlango, nami nikaangukia mgongo wangu. Pale alipokuwa yeye pakawa mlima.

Kwa upande wangu njia ya kurudi haikuwepo. Nilimwita mpaka vumbi likaziba koo na sauti ikakatika kabisa, nikabaki nafumbua mdomo kama samaki. Halafu nikanusa moshi. Makaa yaliyovunjika yakirundikana hujipasha moto yenyewe, na kule nyuma ya maporomoko yalikuwa yameshaanza. Nilijua watakachofanya wa upande wa pili kwa sababu hata mimi ningefanya. Moto wa mgodini hauzimwi kwa maji. Unaunyima hewa. Unajenga ukuta.

Nikasikia wanajenga. Sikio langu lilikuwa kwenye bomba la maji lililopita sakafuni, na bomba huleta sauti. Mwiko unakwaruza, tofali linagongwa likae, mwiko unakwaruza. Nilimtambua hata Kibona kwa kikohozi. Nikaokota jiwe nikagonga bomba. Nikapumzika, nikagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwa watu wenye adabu.

Mwiko ulisimama.

Vijana, sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja pale. Nikagonga tena. Halafu wakaanza kuimba wimbo wa maziko, wote pamoja, kwa sauti kubwa, na mwiko ukaendelea kwa haraka kuliko mwanzo.

Nilikaa nikasikiliza maziko yangu mpaka ubeti wa mwisho. Sijui kwa nini sikulia. Nadhani nilikuwa naona aibu kuwasumbua.

Kilichonitoa ni hewa. Moto hula hewa, na hewa hiyo lazima itoke mahali. Nikahisi ubaridi usoni, ukitokea gizani, ukielekea kwenye moshi. Nikaufuata ubaridi ule nikiwa nautazama uso kwa uso, kiganja kwenye miti, taa ikififia mpaka ikawa rangi ya kahawia kisha hakuna. Kila mti niliougusa ulikuwa unalia. Nilikuwa naiomba radhi kimoyomoyo, ninapita, ninapita. Kuna mahali kiganja changu kilishika lile koti na nikaruka kama niliyeshika mtu. Mwisho nikatambaa kwenye maji, nikapanda na maji, nikatokea kwenye mlango wa zamani ubavuni mwa mto, ulioziba kwa majani. Jua lilikuwa linazama. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji aliona kitu cheusi kinachomoka ardhini, akaacha ndoo. Simlaumu.

Nililazwa hospitali muda mrefu, mapafu. Kibona alikuja kunitembelea. Alikaa kwenye ncha ya kitanda, anatazama buti zake.

"Kibona, mlinisikia?"

"Tulisikia."

"Mkasemaje?"

"Tukasema ni miti ya vita inasema. Si ninyi wawili mlitufundisha kwamba mti husema?"

"Mti unabisha hodi, Kibona? Unagonga, unapumzika, unagonga?"

Akasema, "Ndiyo maana tuliimba kwa nguvu."

Ambokile hakutolewa. Moto ule haukuzimika, na ukuta haukuvunjwa. Mpaka leo yuko kule.

Kumbe kijana mmoja wa Mbulu tuliyekuwa naye mgodini aliacha kazi akarudi nyumbani, akafikisha habari ya kifo changu kwa uaminifu wote. Aliondoka kabla sijatokea mtoni. Hakuna aliyemfuata kumwambia vinginevyo. Mimi sikujua. Daktari aliponiruhusu nikapanda basi, nikabadilisha jingine, nikavuka Singida, nikashuka Katesh mlima Hanang ukiwa umejifunika wingu. Lori la mahindi likanifikisha Dirma. Pale mchungaji wa Kimang'ati aliyeegemea mkuki wake alinipa maziwa kwenye kibuyu, hakuuliza chochote. Huyo ndiye mtu wa mwisho aliyenichukulia kama mtu.

Nilipoanza kupanda kwetu, watoto waliokuwa na ng'ombe walinitazama, wakatazamana, wakawaacha ng'ombe. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni akautupa, akapita katikati ya mahindi ya watu. Nikajisemea labda ni upara, maana hospitali walininyoa.

Baba mkubwa wangu, mzee Qamara, alikuwa amekaa nje kwake na wazee wawili. Nikavua kofia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Alitazama juu ya kichwa changu. Ninyi mnajua sisi ni watu gani kwa salamu. Mzee anaweza kukuchapa, anaweza kukulaani, lakini shikamoo yako ataiitikia kwanza. Nikarudia. Nikawasalimia na wale wengine, mmoja mmoja. Hakuna.

"Mwambieni huyo asogee penye jua," baba mkubwa akawaambia wenzake.

Nikasogea.

"Kivuli anacho," mmoja akasema.

"Hata kisiki kina kivuli," mwingine akajibu.

Ndipo nikaelewa, na nikaambiwa yaliyobaki kwa njia ya kuambiana wao kwa wao. Kaburi limechimbwa, limewekwa blanketi langu. Nilikufa kifo kibaya, chini ya ardhi, nchi ya netlangw, kwa hiyo mke wangu Magdalena amewekwa metimani, ng'ambo ya kijito, peke yake, hakuna wa kupeana naye moto wala maji wala kupita njia yake, mpaka uchafu wa kifo uishe. Sasa kama kitu kimetoka chini na kuvaa sura ya marehemu, kikimgusa mwanamke yule, kijiji kizima kitaingia metimani. Nani atapanda? Nani atanunua ng'ombe wetu?

"Mimi ni Amsi!" nikasema. "Nafanya kazi kwenye makaa ya mawe!"

"Kinasema kinafanya kazi kwenye mawe," mzee wa kisiki akawatafsiria wenzake.

Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso kwa mikono. Nilikuwa nimebeba pande la makaa kwenye begi, zawadi, niwaonyeshe nyumbani kitu ninachochimba. Nikaona huu ndio ushahidi. Nikaenda kwenye moto wa kwake, nikaliweka jiwe langu jeusi katikati ya kuni na kulipulizia. Watu walikuwa wameanza kujaa kwenye uzio. Likashika. Likatoa ule moshi wake wa njano wenye harufu ya mayai mabovu, halafu likawaka, jiwe, linawaka, na mimi nimesimama kando yake ninatabasamu.

Uzio ulibaki mtupu. Mtu alipoteza kiatu.

"Kimekuja na moto wao," baba mkubwa akasema. Wakachukua fimbo. Wazee walionibeba mgongoni nikiwa mtoto walinielekezea fimbo, si kwa hasira, kwa woga, na woga wa mzee ni kitu kibaya kukitazama. Wakaanza kunisukuma kuelekea njia niliyotoka. Nikaona wazi kwamba nitarudi Dirma, nitarudi kusini, na huku kwetu nitabaki kaburi lenye blanketi.

Ndipo tukasikia sauti ya mwanamke kutoka ng'ambo ya kijito.

"Mnamfukuza nani?"

Hakuna aliyemjibu, maana haruhusiwi kujibiwa. Magdalena alikuwa amesimama ukingoni, kichwa kimenyolewa kama changu, amekonda.

"Kama si yeye," akapiga kelele, "mimi nimeshaingia metimani! Mtaniongezea nini? Mleteni huku nimtazame, ninyi mbaki wasafi!"

Wazee walitazamana. Naapa nilimwona mzee wa kisiki akikuna kidevu. Kwa sheria zao wenyewe hapakuwa na kosa katika maneno yale. Fimbo zikabadili mwelekeo, nikasukumwa mpaka kwenye maji, nikavuka.

Magdalena hakunikimbilia, msidanganywe na hadithi. Alinizunguka. Akainama akanusa.

"Mnasema ametoka kwa netlangw," akawaambia kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Wa majini wananuka hivi? Huyu hajaoga tangu Singida."

Mtu fulani nyuma ya mahindi alicheka, akajizuia. Magdalena akanishika mkono, akageuza kiganja. Mchimbaji akikatwa na makaa, kidonda kinapona na vumbi ndani, alama inabaki ya bluu maisha yote. Vyangu vya zamani alivijua. Kulikuwa na vipya, vingi, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Akavipitia kimya kimya kwa kidole gumba. Kisha akasema polepole, mimi tu nikasikia, "Walikuacha muda mrefu."

Hapo ndipo nililia.

Lakini wazee hawakuniitikia. Kwao Magdalena alikuwa ameamua mambo yake, wao yao bado. Nikakaa ng'ambo ile ya kijito pamoja naye, nimo metimani kwa ajili ya kifo changu mwenyewe. Watu walikuwa wanazungusha mifugo mbali nasi. Kila asubuhi baba mkubwa alipitisha ng'ombe wake upande wa pili wa maji, na kila asubuhi nilisimama nikamwamkia. Anapita. Ng'ombe wananitazama, yeye hapana. Siku moja nikabaki nimekaa.

"Mbona huendi?" Magdalena akaniuliza.

"Nimechoka kubisha hodi."

"Kule chini ulichoka?"

"Kule walianza kuimba."

"Huyu haimbi," akasema. "Anapita tu. Na ana njia tatu za kupeleka ng'ombe, anachagua hii."

Hilo sikuwa nimeliona. Nikasimama. Lakini asubuhi ile baada ya salamu, badala ya kujitetea, nilianza kumwambia habari za Ambokile. Sijui kwa nini. Nilimwambia juu ya kengele na ngoma. Kesho yake nikamwambia habari za nguzo za vita, jinsi walivyozichonga ili nchi isishindwe, na jinsi tulivyorudishwa kuzimalizia ili nchi isimame tena. Akapita, ila polepole. Kesho yake nikamwambia jinsi nilivyosukumwa kwa mikono miwili, na kwamba yule mtu hana kaburi, ana ukuta. Halafu nikasema, "Baba mkubwa, shimo mlilochimba msilifukue. Lina mwenyewe."

Baba mkubwa alisimama. Ng'ombe wakaenda mbele bila yeye. Alisimama akiutazama ule mlima wetu, na midomo yake ilikuwa inatembea kama anayepiga hesabu ya kitu alichokuwa amekosa namna ya kukipanga. Maana hilo ndilo lililokuwa limewakwamisha, nilikuja kulielewa baadaye. Kifo kilikuwa kimetangazwa, nchi imesikia, na kifo kilichotangazwa hakiwezi kurudi mikono mitupu.

Siku mbili tatu baadaye alikuja na wazee wote, na kondoo mweusi, wakavuka maji. Watu walisimama mbali.

"Tunayemlilia anaitwa nani?" akauliza, akiwa anaitazama ardhi.

"Ambokile."

"Ambokire," wazee wakasema, kila mmoja na ulimi wake. "Ambokire." Wakamwomba Looa ampokee mtu wa mbali aliyezikwa bila jua, wakainyunyizia ardhi pombe ya mtama, na mzee wa kisiki akaomba radhi kwamba blanketi ni la mtu mwingine.

Nikavua kofia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Alikuwa anahangaika na kondoo, ambaye alikuwa anarusha mateke. Akainua uso, akanitazama machoni.

"Marahaba," akasema. "Sasa mbona umesimama kama mgeni? Shika huyu miguu."